Laini ya moto ya sayanaidi inadondosha: nifunge kiungo gani?

Swali: "Shikamoo, Mhandisi. Mimi ni fundi bomba, miaka kumi na mmoja nimefunga maji majumbani na hotelini hapa Mwanza. Tangu mwaka huu uanze nimeajiriwa kwenye mtambo wa ilusheni, ule wa kutoa dhahabu kwenye kaboni, upande wa Ilemela. Laini ya moto inayopeleka solusheni ya kostiki na sayanaidi kutoka kwenye hita hadi kwenye kolamu (tangi refu lenye kaboni) ni bomba la GI la nchi moja na nusu, viungo vyote ni vya nyuzi, pamoja na yunioni (viungo vya kufungulika) tano. Inadondosha, na kwenye viungo kumeota ukoko mweupe. Nikikaza inatulia, baada ya wiki mbili inarudia. Bosi amesema tufunge upya kila kitu, pamoja na laini ya asidi ya kuoshea kaboni. Fundi wa kuchomelea anasema tuchomelee yote. Mtu wa stoo anasema PVC nene na gundi, bei nafuu. Mwingine anataka flenji, zile sahani za kubana kwa boliti, kila mahali. Mimi nilitaka kurudia nyuzi ila kwa katani na rangi, mkono wangu umezoea hapo. Kiungo kipi ni salama? Pia bosi ameniruhusu nichukue bomba za zamani, nataka kujengea banda la kuku."

Marahaba, fundi. Umeuliza kuhusu kiungo, na nitakujibu. Lakini kwenye maelezo yako kuna mambo mawili yaliyonishtua kabla sijafika kwenye swali lenyewe: huo ukoko mweupe, na hilo neno "nikikaza". Tuanze hapo, kwa sababu laini mpya itasubiri mtambo usimame, ila haya mawili unaweza kuyafanya kesho asubuhi.

Ukoko huo ni kostiki iliyovuja, ikakauka, ikakutana na hewa ikageuka magadi. Ndani yake imebeba chumvi ya sayanaidi. Usiuguse kwa mkono mtupu, wala usiukwangue mkavu ukavuta vumbi lake. Na kubwa kuliko yote, usiutoe kwa asidi. Nawajua mafundi wa majumbani, na mimi nilianzia huko: ukiona chokaa kwenye shawa unamwagia asidi kidogo, inatoa povu, panang'aa. Hapo kazini kwako povu hilo litatoka na gesi ya sumu ya sayanaidi, na utakuwa umeinama juu yake. Ukoko huo hulowanishwa kwa maji, na mtu aliyevaa glavu ndefu na ngao ya uso, na maji hayo hurudishwa kwenye tanki la mtambo wenyewe. Yasiende mtaroni. Mitaro mingi ya Mwanza mwisho wake ni mto Mirongo na ziwa, na samaki hufa kwa kiasi cha sayanaidi kisichofika hata miligramu moja kwenye lita ya maji.

Kuhusu kukaza: usikaze kiungo wakati laini ni ya moto au ina presha. Sisi huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu digrii 96, hayasubiri 100. Hita ya ilusheni ya kawaida, ile isiyo ya presha, hupeleka solusheni ikiwa na digrii tisini na kitu. Yaani iko ukingoni mwa kuchemka muda wote. Uzi uliochoka ukikatika chini ya spana yako, kitakachotoka hakitakuwa tone. Utapigwa na mvuke na kostiki, na uso wako uko sentimita 30 kutoka hapo.

Nilishaona. Zamani, kwenye mtambo mmoja wa Kanda hii ya Ziwa, mwenzangu alifungua yunioni baada ya kufunga koki pande zote mbili. Aliangalia geji ya presha, inasoma sifuri. Alikuwa mtu makini, si mzembe. Kumbe kitundu cha geji kilikuwa kimezibwa na ukoko kama huo huo wa kwako, na sindano ilikuwa imelala kwenye sifuri kwa siku kadhaa bila mtu kujua. Tulimwosha jicho kwa maji ya pipa zaidi ya robo saa, tukamkimbiza hospitali, lakini jicho lile la kushoto halikurudi kama zamani. Tangu siku ile siamini geji peke yake. Nataka koki ndogo ya kumwagia iliyofunguliwa na kuonekana imemwaga hadi mwisho.

Sasa viungo.

Ukifunga maji nyumbani, swali la kwanza ni moja: kitahimili presha? Swali hilo halikusaidii sana hapa, maana pampu ya ilusheni haisukumi kwa nguvu ya ajabu. Bomba la maji la mtaani wakati mwingine lina presha kubwa zaidi. Ndiyo maana mtu aliyefunga GI alidhani amefunga kitu imara. Kwenye laini ya kemikali ya hatari uliza hivi: nini kitakula kiungo hiki, joto litakivuta vipi, kikivuja kitammwagia nani, na nani atakifungua, mara ngapi kwa mwezi? Kiungo ambacho hakuna mtu atakayekuwa na sababu ya kukifungua, hakitakiwi kuwa kiungo cha kufungulika. Ukiishika hiyo, nusu ya ubishi wenu pale karakana unajimaliza wenyewe.

Nikuonyeshe kwa nini nyuzi zako zinarudia kila wiki mbili. Chukua kipande kipya cha GI kutoka stoo, kisichowahi kupitisha dawa ya mtambo, cha nchi moja na nusu. Kikate nyuzi, kifunge kwenye soketi bila kuzungushia chochote, kisha kipasue kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Utaona mambo mawili. La kwanza, ukuta wa bomba una unene wa kama milimita 3.2, na uzi umechimba milimita 1.5 ndani yake. Pale kwenye kiungo, mahali panapovutwa na kutikiswa kuliko pote, umebaki na nusu ya bomba. La pili, kati ya uzi wa bomba na uzi wa soketi kuna kijia chembamba kinachozunguka kama ngazi ya mnara, kutoka ndani ya bomba hadi nje. Nyuzi haziziba zenyewe. Kinachoziba ni ulichozungushia. Kwenye maji unasaidiwa: katani inakunywa maji inavimba, baadaye kutu na chokaa vinakuja kumalizia. Ndiyo maana kazi zako za majumbani zinadumu, na una haki ya kujivunia.

Lakini kostiki ya moto haikusaidii, inakupinga. Rangi unayopaka juu ya katani ina mafuta. Muulize mama yeyote anayetengeneza sabuni za mche nyumbani: kostiki na mafuta vikikutana hupatikana nini? Basi ndiyo hiyo sabuni itakayopikwa ndani ya nyuzi zako, na ikishayeyuka, katani inabaki uchi, nayo kostiki inailainisha hadi inakuwa uji. Hutapata hata hizo wiki mbili.

Ukiacha katani, lipo la bomba lenyewe. GI ni chuma kilichopakwa zinki, na kostiki huila zinki huku ikitoa gesi ya haidrojeni. Sayanaidi nayo huila. Na zinki, kama umewahi kuwasikiliza wazee wa uchenjuaji, ndiyo inayotumika kwenye mitambo mingine kunasa dhahabu kutoka kwenye maji ya sayanaidi. Kwa maneno mengine, solusheni yenye dhahabu ya bosi wako ikipita kwenye zinki, nyingine inaganda ukutani mwa bomba. Ukimweleza hatari akakunja uso, mweleze na hili. Koki za shaba ni vivyo hivyo: sayanaidi huyeyusha shaba, koki inaliwa taratibu na dawa yenyewe inapungua nguvu. Kwenye laini hiyo isiwepo GI wala shaba hata kipande kimoja.

Halafu joto. Kila mzunguko wa ilusheni laini inatoka kwenye digrii kama 25 inapanda hadi 95, kisha inapoa. Bomba la chuma la mita 12 hurefuka kama milimita 10 katika safari hiyo. Milimita 10 si nyingi ukizitazama kwenye rula, lakini kama ncha zote mbili zimebanwa, urefu huo lazima upate pa kwenda, na unakwenda kuzisukuma yunioni zako tano. Unakaza, bomba linapanuka, linasinyaa, kijia kile kinafunguka tena. Solusheni inayopenya humo haikai na ukali wake wa mwanzo pia. Maji yanakauka kwa joto, kostiki inabaki na kukolea, na chuma kilichovutwa kikikaa kwenye kostiki kali ya moto hupata nyufa. Kwa hiyo unapoona tone dogo, ndani ya kiungo hali ni mbaya kuliko tone lenyewe.

Je, nyuzi ni haramu kabisa? Hapana. Mimi huziruhusu kwenye matawi madogo ya nusu nchi kushuka chini, kwa ajili ya geji au kipima joto, bomba likiwa stenlesi nene, tepu nyeupe ya nyuzi (hiyo kostiki haiiwezi), na koki nyuma yake ili uweze kuitenga. Kwenye njia kuu, hapana.

Mtu wa stoo na PVC yake yuko nusu sahihi, na nusu hiyo ni muhimu. Kwenye laini ya moto, PVC iondoeni mezani kabisa. Mwisho wake ni digrii 60, na hata kabla ya kufika huko inaishiwa nguvu: bomba nene likifika digrii 60 linabaki na kama robo tu ya uwezo lililoandikiwa kwa maji ya baridi. Kwa digrii 95 litalegea kama ugali uliozidi maji. Lakini kwenye laini ya asidi, PVC ndiyo ya kufunga, kwa sharti kwamba mnaosha kaboni kwa asidi ya baridi. Asidi ya haidrokloriki inayotafuna GI kwa dakika na kuharibu hata stenlesi, PVC inaipitisha bila shida, hata ile kali inayokuja kwenye madumu. Kama mnaipasha moto asidi, nyenzo inabadilika na hilo ulizieni kwanza.

Na gundi ya PVC si gundi ya kubandika. Ni kimiminika kinachoyeyusha uso wa bomba na uso wa soketi ili vigande kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana maandalizi ni nusu ya kazi. Kata bomba mraba, toa makapi, chonga ukingo kidogo ili usiikwangue gundi ukisukuma. Jaribu kikavu kwanza: bomba liingie kwa kubana kiasi, lisiogelee. Safisha kwa kimiminika chake, paka gundi pande zote mbili, sukuma hadi mwisho huku ukizungusha robo mzunguko, kisha shikilia nusu dakika bila kuachia, maana soketi ina mteremko na bomba hupenda kurudi nyuma. Futa gundi iliyozidi. Halafu subiri, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafungua maji baada ya lisaa limoja kwa sababu nyumbani ilikubali. Kwa asidi mpe siku nzima na zaidi. Usikate nyuzi kwenye PVC. Penye pampu au koki tumia flenji ya PVC. Na bomba hilo lishikiliwe karibu karibu, lisilale juani, kwa sababu PVC hurefuka mara tano au sita ya chuma na jua la saa nane linatosha kulipinda.

Fundi wa kuchomelea basi? Kwa laini ya moto, mimi niko upande wake karibu asilimia mia. Bomba la stenlesi la daraja la 316L, lililochomelewa kwa argoni uso kwa uso, halina nyuzi, halina gasketi, halina kijia. Kilichochomelewa vizuri hakijui kama zamani vilikuwa vipande viwili. Angalia tu mambo mawili. Kuna soketi za kuchomelea, ambapo bomba linaingia ndani ya kikombe na kuchomelewa kwa nje. Ni rahisi kwa fundi, lakini ndani kunabaki mwanya unaotunza solusheni, na humo ndimo kutu ya uficho huanzia. Chagua uso kwa uso. La pili, wakati wa kuchomelea stenlesi lazima gesi ya argoni ijazwe na ndani ya bomba pia, la sivyo upande wa ndani unaungua na kuwa mweusi, mgumu kama mkaa wa sukari. Kwa nje weldi itapendeza sana. Mwombe fundi wako akuchomelee kipande cha majaribio, kikate katikati, ukitazame ndani. Akikataa kukatiwa kazi yake, tafuta mwingine.

Lakini "tuchomelee yote" nayo inapitiliza. Pampu lazima itoke siku moja. Hita itahitaji kusafishwa. Kolamu na koki vilevile. Hapo ndipo flenji inapoingia, na hapo tu. Rafiki yako anayetaka flenji kila mahali hajahesabu gasketi: kila flenji ni gasketi moja, boliti nne au nane, na mtu mmoja aliyezikaza akiwa na haraka.

Gasketi yenyewe usikate kwenye tyubu ya gari. Nasema hivi kwa sababu nimekuta tyubu ya gari kwenye flenji za asidi, za kostiki, hata za mvuke, na fundi ananiambia "Mhandisi, hii haijawahi kunitupa". Tyubu imetengenezwa kushika upepo. Kwa kostiki na sayanaidi ya moto tumia mpira wa EPDM wenye uthibitisho wa joto lako, au teflon. Teflon haiogopi dawa yoyote mnayotumia, ila ina tabia ya kusambaa polepole ikikandamizwa, hivyo baada ya mzunguko wa kwanza wa joto, laini ikishapoa na kumwagwa, rudi ukaze tena. Epuka ule mpira wa bei kubwa unaoitwa Viton kwenye kostiki. Sifa zake kubwa ni kwa mafuta na asidi, kostiki ya moto inaushinda.

Boliti zikazwe kwa msalaba: hii, kisha ya upande wa pili, si kwa kuzunguka moja baada ya jirani yake. Raundi ya kwanza theluthi ya nguvu, ya pili theluthi mbili, ya tatu zote, halafu zunguka mara moja ya kuhakikisha. Spana ya kupimia torki ikiwepo ni bora zaidi ya mkono wa mtu, hata mkono wako. Kisha kila flenji ivishwe ngao, ule mkanda wa kuzunguka unaozuia mchirizi usiruke. Na usiweke flenji juu ya njia ya kupita watu, juu ya swichi za umeme, wala usawa wa uso wa anayesoma geji. Kama lazima ivuje, ivuje chini, kwenye sakafu yenye kingo, pasipo na mtu.

Nimekaa sana kwenye laini moja moja, lakini ukiniuliza kipi kinaninyima usingizi kwenye mitambo hii, nitakwambia ni mahali laini hizi mbili zinapokutana. Sayanaidi inatulia kwenye maji kwa sababu kostiki imeishikilia. Mnatunza pH, kipimo cha ukali wa asidi au kostiki, juu ya 10.5. Ikishuka hadi 9 na kidogo, nusu ya sayanaidi tayari imegeuka kuwa ile inayotoka kama gesi. Na gesi hiyo, ikiwa kimiminika safi, huchemka kwa digrii 26. Digrii 26 ni mchana wa kawaida pale Kirumba. Sasa fikiria kolamu moja, tii moja (kiungo cha njia tatu), koki moja kila upande: huku asidi, huku sayanaidi. Koki moja ikiwa na mchanga wa kaboni kwenye kiti chake haifungi vizuri, na hakuna atakayeona.

Kwa hiyo kiungo kati ya asidi na kolamu kisiwe koki peke yake. Kama mnaweza, oshea kaboni kwenye chombo chake, mbali na kolamu ya ilusheni, na kaboni isuuzwe hadi maji yanayotoka yasiwe na asidi kabla ya kuhamishwa. Suuza hiyo inaokoa na stenlesi pia, maana mabaki ya kloridi, chumvi inayoachwa na asidi hiyo, yakichemshwa yanaipasua. Kama chombo ni kimoja, basi weka kipande kifupi cha bomba chenye flenji pande zote mbili, kinachoondolewa kwa mikono na kutundikwa ukutani wakati laini ya sayanaidi inafanya kazi, na ncha zilizobaki zinafungwa kwa flenji kipofu, ile isiyo na tundu katikati. Mtu akipita anaona kwa macho kwamba njia imekatika. Na fanya saizi za flenji hizo ziwe tofauti: asidi nchi moja, sayanaidi nchi moja na nusu, ili hata kijana wa zamu ya usiku aliyechoka asiweze kuziunganisha kimakosa. Madumu na mipira ya kujazia, hivyo hivyo: ncha zisioane.

Utasikia pia ushauri wa kuweka kiungo cha mpira au cha mikunjo ili kimeze ule mrefuko wa joto. Kwenye dawa ya hatari mimi nakwepa. Tarehe 1 Juni 1974, kule Flixborough, Uingereza, kiwanda cha kemikali kililipuka na watu 28 wakafa. Tangi moja kati ya sita lilikuwa na ufa, likaondolewa, na mafundi wakaunganisha yaliyobaki kwa bomba la muda lililofungwa kwenye viungo vya mikunjo kila upande. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki sakafuni mwa karakana. Hakuna aliyepiga hesabu ya jinsi presha ingelisukuma bomba lile lenye kona mbili. Wewe huhitaji mikunjo: pitisha bomba na kona ya L ndefu au umbo la U, lishike kwa vibanio vinavyoliacha liteleze, na chuma chenyewe kitapinda kidogo kila siku bila kulalamika.

Najua bosi atauliza gharama. Stenlesi ni ghali, sitakudanganya. Ila mwambie ahesabu viungo kabla ya kuhesabu mita. Laini yenu ya sasa, ukijumlisha elbo, soketi na yunioni, haikosi sehemu 30 za kuvuja. Ikichomelewa, zinaweza kubaki flenji sita au nane. Kama pesa haitoshi kwa mara moja, anzeni na kipande kinachopita usawa wa vichwa vya watu na kilicho karibu na asidi, kilichobaki kifuate. Kisichofaa kuahirishwa ni kuzitenga zile laini mbili.

Kabla ya kuingiza dawa, ijaze laini maji baridi, toa hewa yote, pandisha presha hadi mara moja na nusu ya ile ya kazi, kaa ukiitazama. Usijaribu kwa kompresa. PVC ikipasuka na hewa ndani inaruka vipande kama chupa. Maji ya ziwa letu yana chumvi kidogo sana, hivyo yanafaa kwa stenlesi. Ya kisima kirefu yapimwe kwanza.

Sehemu ambayo barua haiwezi kumaliza ni hii. Mchoro wa laini ya sayanaidi upitiwe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, afike mwenyewe aione. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wana kazi ya kukagua sehemu za kazi na vyombo vya presha, na ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mkemia Mkuu wa Serikali inasimamia usajili wa kemikali mnazotumia. Waiteni mkiwa kwenye mchoro, msisubiri waje kukagua kilichokwisha kufungwa. Tundika kitambaa cha kuonyesha upepo, maana huku mchana unavuma kutoka ziwani na usiku mara nyingi unageuka, na njia ya kukimbilia inageuka nao. Mtu akianguka karibu na kolamu, usimfuate bila chombo cha kupumulia, wala usimpulizie hewa mdomo kwa mdomo. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Na uliza hospitali leo, kabla hamjawahitaji, kama wana dawa ya kutibu sumu ya sayanaidi.

Katani na rangi zirudi kwenye boksi lako la kazi za majumbani.

Na hizo bomba za zamani, fundi, banda la kuku likose. Ndani ya zile nyuzi kuna sayanaidi iliyoganda, na mvua au kinyesi cha kuku hakiulizi. Zisuuzwe mtamboni kwa maji ya kostiki, zipimwe, na utaratibu wa kuzitupa uulizwe kwa Mkemia Mkuu. Wala zisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana zitaishia kupitisha maji ya mtu huko Buhongwa. Bosi akibisha, mkumbushe zile zinki na dhahabu iliyoganda ukutani. Nadhani atazifungia stoo mwenyewe, na ufunguo atalala nao.